Komeo la Nje

Simu ililia gunia la Caren likiwa tayari juu ya ndoano ya mizani, na karani wa majani ya chai akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekohoa katikati ya maombi. Caren aliichomoa kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukishikilia mtoto mgongoni, akaona ni ile namba iliyokuwa ikimpigia mumewe tangu Ijumaa bila kupokelewa.

"Ni Gordon Obiero, wa ile nyumba ya Litein. Naongea na mke wa Robert?"

"Ndiye mimi."

"Robert hashiki simu."

"Yuko kazini," Caren akasema. Robert alikuwa hatua ishirini kutoka pale, ameketi juu ya pikipiki yake chini ya mabati ya kituo cha kununulia majani, akisugua kioo cha taa kilichokuwa safi tayari.

"Basi nitakwambia wewe. Kipkemboi, ndugu yake, amemaliza miezi tisa hapa kwetu. Hajagusa pombe. Sindano yake anaenda kudungwa kila mwezi, hata hasukumwi. Sasa Ijumaa ijayo kitanda chake kinachukuliwa na mtu mwingine. Huyo tumempata Mulot, kwa soko la ng'ombe, hali yake hata siwezi kuieleza kwa simu. Lakini mimi siachilii mtu hivi hivi, mama. Lazima nije nione mahali atalala. Si kuambiwa. Kuona."

"Na usipoona?"

"Nisipoona natafuta pengine, na pengine hakuna. Nimeshaachilia watu wawili kwa maneno ya simu. Wote wawili niliwakuta tena kwa veranda za watu."

Caren alimtazama mumewe. Kitambaa kilikuwa kikizunguka palepale kwenye kioo.

"Mahali iko," akasema. "Njoo Jumanne."

Karani alikuwa ameshaingiza mkono ndani ya gunia. Akatoa konzi ya majani, akayatandaza juu ya meza mbele ya watu waliopanga foleni, akaanza kuchomoa yale magumu moja moja na kuyatupa chini.

"Mama Cheptoo, hii umechumia kiwanda ama umechumia ng'ombe?"

Foleni ikacheka. Caren naye akacheka kidogo, kwa sababu mtu akikataa kucheka pale huchekwa zaidi, kisha akainama na kuokota majani yake mabovu kutoka kwenye tope.

* * *

Nyumba ya Kipkemboi ilikuwepo. Hakuna aliyehitaji kuitafuta. Ilikuwa hatua thelathini kutoka jikoni kwa Caren, pale boma linapokutana na mistari ya michai: chumba kimoja cha udongo, mabati yenye kutu, dirisha lisilozidi sahani, na ukuta wa nyuma wenye tundu kubwa ambalo Caren alilikuta limezibwa kwa mbao na magunia ya mbolea siku alipoolewa. Humo ndani alilala ndama. Kila jioni Caren alimsukuma ndama kwa goti, akavuta mlango, akatia komeo. Lilikuwa komeo zuri, zito, la chuma, lililofungwa kwa nati sita upande wa nje. Mara nyingi alijiambia kwamba yeyote aliyelifunga hakutaka mchezo na wezi.

"Umesema mahali iko," Robert akamwambia walipokuwa wakila. "Iko wapi?"

"Kwa nyumba yake."

"Nyumba yake iko na ndama."

"Ndama atoke."

"Aende wapi, tulale naye hapa? Na ule ukuta je? Mvua ikipiga kutoka upande wa Soin, maji yanaingia mpaka katikati." Robert alimega ugali, akaufinyanga, hakuula. "Atalala kwa Mama. Sebuleni. Kuna stima, kuna joto, na Mama atamwangalia akimeza dawa. Mtu mgonjwa si wa kulala peke yake."

Maneno yalikuwa na akili, na Caren hakuwa na nguvu ya kuyapinga. Hakuwa ameishi na huyu shemeji hata siku moja. Alikuwa amemwona mara mbili tu, Bomet, amelala juu ya katoni mbele ya duka lililofungwa, na mara zote mbili Robert alikuwa ameongeza mwendo wa pikipiki kama mtu aliyeona kizuizi cha polisi.

Kwa hiyo Jumatatu alikwenda kwa mama mkwe wake. Alisukuma kochi ukutani, akaweka godoro, akatandika shuka mpya ya maua ambayo alikuwa ameificha kwa ajili ya wageni wa ubatizo wa Cheptoo. Pembeni akaweka kiti cha kuwekea dawa. Mama mkwe, Kogo Rodah, mwanamke aliyezoea kutoa amri hata kwa kuku, aliketi karibu na mlango muda wote ule akiiviringisha ncha ya leso yake. Hakusema pazuri, hakusema pabaya.

"Hapo atakuwa sawa, Mama?" Caren akauliza.

"Wewe umetandika vizuri," Kogo akajibu.

* * *

Walifika Jumanne saa nne asubuhi. Gordon alikuwa mwanamume mfupi mwenye viatu vilivyong'arishwa, ambaye zamani alikuwa karani wa zahanati kwenye shamba kubwa la chai, na bado alitembea kama mtu anayefuata orodha. Kipkemboi alimfuata nyuma. Alikuwa amenenepa kwa dawa. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mistari ya mikono ikasimama, na vidole vyake vilitetemeka kidogo kwenye mfuko wa karatasi aliobebea mkebe wa vidonge.

Kogo alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alisema maneno ya salamu kwa Kikipsigis, yaleyale ambayo angemsalimia nayo jirani, na Kipkemboi akaitikia yote, moja baada ya jingine, bila kukosea. Hakuna aliyelia. Caren alikuwa amejiandaa kwa kilio na hakujua afanye nini na leso aliyoishika.

"Karibu ndani, shemeji," akasema.

Kipkemboi alifika mlangoni akasimama. Aliona kochi lililosukumwa. Aliona godoro, shuka ya maua, kiti. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti, akaurudisha.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yako. Shuka ni mpya, hakuna mtu ameilalia."

"Hapa ni kwa Mama."

"Ndiyo."

"Mimi si weri," Kipkemboi akasema.

Hakupaza sauti. Lakini neno lile lilimfikia Caren kama maji ya kisima aliyomwagiwa. Weri ni mvulana ambaye hajaingia jandoni. Akishaingia na kutoka, halali tena chini ya paa la mamake, hata nje kukiwa na mvua ya mawe. Anajengewa yake, iwe kibanda cha kuku. Caren alijua hivyo tangu utotoni. Ndugu zake wanne walihamia vibanda vyao hapo hapo nyumbani kwao, akiwaona. Alijua, na bado alitandika. Hakuwa amesahau mila. Alichosahau ni kwamba mtu huyu pia ni mwanamume.

"Miaka sita umelala kwa veranda pale Bomet," Robert akasema kutoka uani, macho yakiwa kwa pikipiki yake, "leo ndio unachagua?"

"Kwa veranda sikuwa kwa Mama."

Gordon aliikunja fomu yake ya ukaguzi mara mbili na kuirudisha mfukoni. "Hii hata kwetu kule ziwani hatuwezi," akasema polepole. "Hata ungeniletea kitanda cha dhahabu. Hakuna nyumba nyingine?"

"Hakuna," Robert akasema.

Wakati huohuo ndama akalia kutoka ile nyumba ya udongo. Alikuwa amechelewa kufunguliwa siku hiyo kwa sababu ya wageni. Kipkemboi aligeuza uso upande ule, akautazama mlango, kisha akautoa uso wake haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Chai aliinywa akiwa amesimama nje, kikombe mikononi, na ilipomwagika kidogo kwa ajili ya ule mtetemo aliinama akaifuta kwenye nyasi kwa kiatu. Kogo alikuwa mlangoni pake. Mkate aliokuwa ameununua haukukatwa.

"Mimi nitarudi Ijumaa," Gordon akamwambia Caren walipoondoka, wala hakumtazama Robert. "Saa nane. Baada ya saa nane yule mtu wa Mulot anafika, na mimi vitanda ni vinane tu, sina cha tisa."

* * *

Jumatano Caren alimwambia Robert kwamba anampeleka mtoto kliniki, akaenda Litein.

Alikuwa ameiwazia ile nyumba kama hospitali, au kama jela. Alikuta nyumba ya zamani ya mawe, yenye bomba la moshi, shamba dogo la chai upande mmoja na kamba za nguo upande wa pili. Mwanamume mwenye ndevu nyeupe aliacha kuchuma, akasimama wima kama askari na kumpigia saluti.

"Mwitikie, vinginevyo atasimama hivyo mpaka jioni," mwanamke mnene akamwambia kutoka dirisha la jikoni. "Huyo ni Bethwel, anatukagulia wageni. Mimi ni Jerusa, nawapikia hawa wazee. Na huyu mzuri hivi ni wa nani? Lete, nimfundishe kuosha sufuria, hawa wangu wamenishinda."

Caren alimpigia Bethwel saluti. Bethwel akarudi kwenye chai yake.

Kipkemboi alikuwa chumbani akikunja blanketi. Vitanda viwili, na kati yake meza moja. Juu ya meza mkebe wa vidonge na daftari ambamo kila mmoja aliandika mwenyewe saa aliyomeza dawa. Caren aliketi kwenye kitanda cha pili, akamshusha Cheptoo mapajani.

"Shemeji, mbona hukusema jana? Ile nyumba ni yako."

"Robert alisema hakuna nyumba."

"Iko. Nitamtoa ndama."

Kipkemboi alilinganisha pembe mbili za blanketi. Akazilinganisha tena.

"Lile komeo bado liko?"

"La ndama?"

"Wakati huo hakukuwa na ndama," akasema.

Alimweleza kwa sauti ileile, polepole, kama mtu anayemsomea mwingine barua. Kwamba alikuwa anaongea na watu ambao hawako. Kwamba alikuwa anakunywa chang'aa ili wanyamaze, na hawakunyamaza. Kwamba alichoma blanketi ndani ya nyumba. Robert akaenda Bomet akanunua komeo, akalifunga mwenyewe. Siku kumi na tisa. Alizijua kwa sababu ya jua lililopenya kwenye ufa wa mlango. Mama yake alimpitishia uji kwa lile dirisha, na kikombe kilikuwa hakipiti bila kumwagika nusu.

"Halafu?"

"Halafu nikapitia kwa ukuta."

Caren alitazama kiganja chake. Miaka minne, kila jioni, kile chuma kilikuwa baridi mkononi mwake. Alingoja ahisi kitu, huruma au hasira, lakini kilichokuja ni uchovu tu, kama ule wa kubeba gunia mpaka kwa mizani na kuambiwa karani ameshaondoka.

"Simlaumu," Kipkemboi akasema. "Hakuna mtu alijua kitu cha kufanya. Hata mimi sikujua." Akaunyooshea kidole mlango wa chumba. "Siku ya kwanza Gordon alinionyesha hiyo. Akasema, ona, komeo liko ndani, ni lenu. Wiki mbili nilikuwa nafunga tu na kufungua, nafunga na kufungua. Jerusa karibu ahame."

"Nilihama!" Jerusa akapiga kelele kutoka jikoni. "Nililala kwa shangazi siku tatu!"

Kipkemboi akatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, upande mmoja wa mdomo. Robert naye hutabasamu hivyohivyo.

* * *

Alhamisi, Robert alipotoka tu na pikipiki, Caren alimfungua ndama akamfunga chini ya paa la jikoni. Akachukua jembe. Samadi ilikuwa imeganda kwa tabaka, juu laini, chini ngumu kama sabuni ya kipande, na alipofika chini kabisa aliona sakafu ya saruji ambayo mtu alikuwa ameipiga rangi nyekundu. Mtu aliyejenga nyumba hii alikuwa ameipenda.

Kufikia saa tano Kogo alikuja na ndoo ya maji na majivu. Hakuuliza kitu. Alikunja leso kiunoni, akapiga magoti na kuanza kusugua ile rangi nyekundu. Waliendelea hivyo, mkwe na mkwe, na Cheptoo kwenye gunia mlangoni akila udongo.

Robert alirudi saa saba kula chakula ambacho hakikupikwa.

"Nani amekwambia umtoe ndama?"

"Mshike mtoto kwanza, anakula ukuta."

Akamshika. Alisimama mlangoni na mtoto mkononi, bila kuingia.

"Kliniki ilikuwa Litein?" akauliza.

"Siku kumi na tisa, Baba Cheptoo."

Robert alimpangusa mtoto mdomo kwa kidole gumba. Alimpangusa muda mrefu.

"Wewe ungefanya nini?" akasema hatimaye. "Niambie. Nilimpeleka hospitali mara mbili, wakampa dawa ya wiki moja, wakasema turudi na pesa. Polisi wakasema hajavunja sheria. Pasta akaja akaomba akaenda. Usiku ule blanketi lilichomeka, ingekuwa paa la Mama. Nikanunua komeo."

"Sijakuuliza kwa nini."

"Nililala hapa." Alionyesha kwa mguu mahali aliposimama, chini ya kizingiti. "Nje ya mlango. Siku zote hizo. Hiyo hajakuambia kwa sababu hajui. Nilikuwa nimejifunika gunia. Yeye anaongea huko ndani, mimi niko hapa nasikia."

"Ni kweli," Kogo akasema kutoka sakafuni, bila kuinua kichwa. "Nilikuwa nawaletea uji wote wawili."

Ndama alikuwa anatafuna kamba ya nguo na hakuna aliyemfukuza.

"Ling'oe," Caren akasema.

"Nati zimeshika kutu."

"Spana unazo."

Robert alimrudishia mtoto. Akaleta spana za pikipiki, akachuchumaa, akaanza na nati ya juu. Ilikataa. Akaimwagia mafuta ya breki, akangoja, akajaribu tena. Zile sita zilimchukua mpaka saa kumi, na moja ilitoka na kipande cha mbao. Kisha akaingia ndani kwa mara ya kwanza, akalipima komeo upande ule wa ndani, akatoboa, akakaza. Upande wa nje yalibaki mashimo sita, meusi, kama alama za surua. Caren alisema ataziba kwa udongo.

"Acha," Robert akasema. "Udongo niwekee kwa ukuta."

Wakaanza kukanyaga udongo na nyasi kwa ajili ya lile tundu la nyuma. Kogo ndiye aliyeonyesha ni maji kiasi gani.

* * *

Ijumaa saa saba na nusu mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya michai. Gordon alikuja na fomu ndani ya koti. Aliingia ile nyumba, akakipima kitanda cha mbao kwa kukikalia, akatazama shuka ya maua, akatazama juu kwenye mabati, akatoka.

"Ukuta bado ni maji," akasema.

"Utakauka," Robert akasema.

Kipkemboi alikuwa bado uani na mfuko wake wa karatasi. Alizunguka nyumba yote mara moja. Nyuma aliweka kiganja kwenye udongo mbichi, na alama ya kiganja ikabaki. Aliporudi mbele aliinama kwenye mlango, akapitisha kidole kwenye yale mashimo, la kwanza, la pili, mpaka la sita. Robert alikuwa anazitazama kucha zake mwenyewe.

Kisha Kipkemboi akaingia, akavuta mlango nyuma yake, na wote wakasikia komeo likiingia mahali pake.

Mvua ikaanza. Haikuanza kwa matone. Ilimwagika tu, kama inavyofanya huku, na wakakimbilia chini ya ukingo wa mabati wa nyumba ileile kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu. Wakabanana ukutani wote: Gordon, Robert, Kogo, Caren na mtoto, na ndama aliyeona bora awafuate. Ndani kulikuwa kimya. Dakika zikapita. Maji yalikuwa yanawarukia miguuni.

"Tumgongee?" Gordon akanong'ona. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu asiye na orodha.

"Wacha," Robert akasema.

Aliketi chini ya kizingiti, mgongo kwenye mbao za mlango, magoti juu, palepale alipopaonyesha kwa mguu jana, na hakupatafuta. Alikaa kama mtu anavyokaa mahali pake kanisani. Mvua ilimpata mabegani. Hakusogea.

Ndani, komeo likafunguliwa. Likafungwa tena. Likafunguliwa. Likafungwa. Caren alihesabu mpaka kumi akaacha. Kogo alikuwa amefumba macho. Gordon akaichomoa fomu, akaiweka juu ya paja, na hapo palipoandikwa mahali pa kulala akaandika neno moja, Kwake, kwa kalamu iliyokuwa ikikataa kwa ajili ya unyevu.

Komeo likafunguliwa tena, na safari hii mlango ukasukumwa. Ulienda kidogo tu, ukagonga mgongo wa mtu, ukasimama.

"Wewe," sauti ya Kipkemboi ikasema kutoka ndani. "Unaniziba mlango."

Robert akasogea.